Fuvu kwenye jiwe la kaburi si uchawi: namna ya kulisoma kanisa la kale la kijiji cha Uingereza

Kila kiangazi, ndugu zetu waishio Uingereza wanapopata likizo na kuzunguka vijijini, picha zile zile huanza kupita kwenye makundi ya WhatsApp. Jiwe la kaburi lenye fuvu na mifupa miwili iliyopishana. Kichwa cha zimwi kilichochongwa chini ya ukingo wa paa. Mlango wa kaskazini uliozibwa kwa mawe. Maelezo yanayosindikiza picha hizo nayo hayabadiliki: ni Freemason, ni kanisa la mashetani, hapo walizikwa maharamia, mlango ule ulizibwa ili ibilisi asirudi. Wenyeji nao wana hadithi zao za kuwasimulia wageni, na nyingi hazina ukweli zaidi ya hizo.

Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji shetani ili kieleweke. Karibu kila kinachomshangaza mgeni kwenye kanisa dogo la kale kimetokana na mambo ya kawaida kabisa: jua linachomoza wapi, maji yanakwenda wapi, nani alitoa fedha, na maiti wangapi wamelala kwenye kipande kile kidogo cha ardhi.

Tuanze na maneno. Karne za Kati ni kipindi cha historia ya Ulaya tangu kuanguka kwa dola ya Rumi ya magharibi, karne ya 5, hadi karibu mwaka 1500. Ni miaka elfu moja, kwa hiyo makanisa mawili yanayoitwa ya Karne za Kati yanaweza kupishana umri kwa mamia ya miaka. Tuchukue mawili yatakayotusaidia humu. Kanisa la Escomb, karibu na mji wa Bishop Auckland kaskazini mwa Uingereza, lilijengwa takriban mwaka 675, miaka arobaini na kitu baada ya kufariki Mtume Muhammad. Kanisa la Kilpeck, Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales, lilijengwa takriban mwaka 1140, miaka thelathini na kitu baada ya yale maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107 yaliyomo kwenye msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Yote mawili yamesimama hadi leo, na yote mawili ni madogo. Usitegemee ukubwa wa kanisa kuu la askofu au wa nyumba ya watawa. Ukumbi wa Escomb una upana wa mita nne na nusu hivi.

Parokia ni eneo lenye mipaka linalohudumiwa na kanisa moja. Ifikirie kama kata: unaihesabu kwa watu wote wakaao humo, si kwa waumini peke yao. Hapo zamani kila mwenye shamba alitoa zaka, sehemu moja ya kumi ya mazao yake. Hata leo mkazi wa parokia ana haki ya kuzikwa kwenye uwanja wa kanisa lake la Kianglikana ikiwa bado kuna nafasi, bila kuulizwa dini yake.

Na je, makanisa haya ni ya Kikatoliki au ya Kianglikana? Yalijengwa na Wakatoliki, maana hapakuwa na Wakristo wa aina nyingine huko. Mwaka 1534 Mfalme Henry VIII aliachana na Papa, na majengo yakabaki pale pale yakiwa mali ya Kanisa la Uingereza, ambalo leo lina makanisa takriban 16,000. Ukilisahau hilo hutaelewa kwa nini kuta ni nyeupe na kwa nini sanamu hazina vichwa. Tutalirudia.

Zunguka nje kwanza

Usikimbilie mlango. Zunguka jengo lote mara moja. Dakika kumi na tano zinatosha.

Utaona kwamba kanisa limelala mashariki na magharibi, madhabahu ikiwa upande wa mashariki. Watu wengi wa pwani hudhani hiki ni kibla cha Wakristo, yaani kanisa linaelekea Yerusalemu. Sivyo. Ukiwa Uingereza, Yerusalemu iko kusini-mashariki, na mafundi hawakuwa wakiipimia. Walilielekeza jua linakochomoza, kwa imani kwamba Kristo atarudi akitokea mashariki. Maiti nao walilazwa hivyo hivyo: chali, kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo wakiinuka tu nyuso zao zitazame kule. Ukipotewa na dira makaburini, safu za makaburi zitakuonyesha.

Sasa tazama ardhi. Mara nyingi uwanja wa makaburi uko juu kuliko njia iliyo nje ya ukuta wake, pengine kwa mita nzima, na ili uingie kanisani unashuka vidato viwili vitatu. Wageni huambiwa kanisa limedidimia. Kanisa halikwenda popote. Ardhi ndiyo iliyopanda. Piga hesabu mwenyewe. Kijiji cha watu 300 kikizika watu 10 kwa mwaka, ni 1,000 kwa karne. Kwa miaka 800 ni 8,000, na uwanja wenyewe ni ekari moja hivi. Haiwezekani wote wapate mahali pao pa kudumu. Kaburi lilichimbwa juu ya kaburi, mifupa iliyokutwa ikasogezwa kando au kukusanywa kwenye chumba cha mifupa, na udongo ukazidi kuinuka. Kwa fikra za wakati ule hapakuwa na dharau katika hilo. Kilichotakiwa ni kulala kwenye ardhi iliyowekwa wakfu, karibu na madhabahu. Kumiliki shimo lako peke yako milele ni wazo la baadaye.

Ardhi iliyopanda ndiyo adui mkubwa wa jengo. Udongo ukilala juu ya mguu wa ukuta, maji huingia kwenye jiwe na kupanda ndani kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ndiyo sababu makanisa mengi yamechimbiwa mfereji kuzunguka ukuta, wenye kokoto chini, na ndiyo sababu wanaoyatunza hushtuka wakiona jani limeziba bomba la paa.

Hapa pana kosa ambalo mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja atalitambua mara moja, kwa kuwa nyumba zetu za mawe zinaugua ugonjwa huo huo. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa. Chokaa hunyonya maji na kuyaachia. Ukuta hulowa wakati wa mvua, ukakauka jua likitoka. Katika karne ya 20 mafundi wengi waliziba viungo kwa saruji wakidhani wanaimarisha. Saruji haiachii maji. Yakikosa njia kwenye kiungo, yanatokea kwenye jiwe lenyewe, na baridi ikija yanaganda, yanapanuka na kuumenya uso wa jiwe. Kwetu hakuna barafu, lakini chumvi hufanya kazi hiyo hiyo. Weka jicho karibu na ukuta: ukiona mistari ya kijivu migumu imesimama kama mbavu, na mawe katikati yake yameliwa hadi yamekuwa mabonde, hiyo ni saruji. Dawa yake ni ya polepole: kuitoa kwa patasi na nyundo, kiungo kimoja kimoja, na kurudisha chokaa.

Umri wa ukuta husomwa kwenye madirisha. Dirisha dogo lililo juu sana, lenye tundu jembamba nje na kupanuka ndani, ni la zamani zaidi, kama yale ya awali ya Escomb. Tao la nusu duara lenye kuta nene kama za ngome ni la Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa waliotawala tangu 1066. Tao lenye ncha huanza mwishoni mwa karne ya 12. Likiwa jembamba kama mkuki ni la mwanzo, na dirisha likiwa pana, lenye nguzo nyingi nyembamba zinazopanda moja kwa moja hadi juu, ni la mwaka 1380 kuja mbele. Lakini dirisha halitoi umri wa ukuta mzima. Watu walitoboa madirisha mapya kwenye kuta za zamani kila walipopata fedha, na kanisa moja laweza kuwa na mitindo yote hiyo.

Hata mawe yenyewe huenda yana maisha ya awali. Pale Escomb, kwenye ukuta wa kaskazini, kuna jiwe lenye herufi LEG VI zilizogeuka juu chini. Ni alama ya lejioni ya 6 ya jeshi la Rumi. Wajenzi walibeba mawe yaliyokwisha kuchongwa kutoka ngome ya Warumi ya Binchester iliyo jirani, na fundi aliyelipachika lile alitazama ukubwa wake tu.

Na mazimwi? Yafuate pale Kilpeck. Chini ya ukingo wa paa kunabaki mawe 85 yaliyochongwa, kila moja likiwa na umbo lake: mbwa na sungura waliokaa bega kwa bega, mwanamuziki, wanaopigana mwereka, wanyama wasiojulikana, na mwanamke aliyejifunua wazi kabisa. Huyo wa mwisho ndiye anayepigwa picha kuliko wote. Wapo wanaosema ni onyo dhidi ya tamaa, wapo wanaosema ni kinga dhidi ya jicho baya, na wataalamu hawajakubaliana. Lakini kanisa hilo lilijengwa kwa fedha za mwenye ngome aliyeishi hatua chache nyuma yake, na mwaka 1143 likakabidhiwa watawa wa Gloucester. Watawa hao wakaabudu chini ya sanamu hizo bila kuzing'oa. Kwa watu wa karne ya 12 nyumba ya Mungu ilikuwa mahali pa kuonyesha ulimwengu wote, ukiwa na uovu na vichekesho vyake.

Upande wa kaskazini utakuta makaburi machache ya zamani na mlango uliozibwa. Hadithi inasema huo ni upande wa shetani, na kwamba mlango ulifunguliwa wakati wa ubatizo ili atoke mbio. Ukweli ni kwamba kaskazini mwa jengo refu, katika nchi ile, ni kivulini karibu mwaka mzima. Njia ya kutoka kijijini mara nyingi ilifika upande wa kusini, na watu walipenda kuzikwa pale ambapo ndugu zao wangepita wakawaombea. Mlango wa kaskazini ulitumika kwa maandamano ya ibada yaliyozunguka kanisa. Maandamano yalipopigwa marufuku karne ya 16, mlango ukabaki kuwa tundu la kupitishia upepo wa baridi, nao wakauziba. Ni kweli kwamba kwa desturi wageni na watoto wasiobatizwa mara nyingi walipelekwa kaskazini. Waliojiua walifanyiwa vibaya zaidi: walizikwa njia panda hadi sheria ya 1823 iliporuhusu wazikwe kwenye uwanja wa kanisa, kati ya saa tatu usiku na saa sita usiku, bila ibada. Sharti hilo la usiku liliondolewa mwaka 1882.

Barazani na ndani

Mlango unaotumika, kwa kawaida wa kusini, una kibanda mbele yake chenye viti vya mawe kila upande. Hilo ni baraza, kwa jina na kwa kazi. Hapo ndoa zilifungwa kabla ya bwana na bibi harusi kuingia ndani kwa misa, hapo madeni yalilipwa mbele ya mashahidi, hapo wazee walikaa. Karibu na mlango tafuta mistari iliyokwaruzwa kama miali ikitoka kwenye tundu dogo. Ni saa ya jua. Kijiti kilichomekwa kwenye tundu, na kivuli chake kilipofika kwenye mstari fulani, kengele ya misa ilipigwa. Escomb ina moja ya kale mno juu ya ukuta wa kusini, yenye mistari michache tu, kwa sababu siku yao haikugawanywa kwa saa kama zetu.

Mlango mzito wenye pete ya chuma huwashinda wengi, wakaondoka wakisema umefungwa. Zungusha pete kwanza, upande mmoja kisha wa pili, hadi komeo la ndani liinuke, ndipo usukume kwa bega.

Ndani, simama dakika mbili macho yazoee. Utaona vyumba viwili vilivyounganishwa na tao: ukumbi wa waumini na, mbele yake, chumba cha madhabahu. Mgawanyo huo ulikuwa wa fedha pia. Kwa sheria ya zamani wanakijiji walitunza ukumbi, na mwenye kupokea zaka alitunza chumba cha madhabahu. Ukiona ukumbi umenyooka na kupendeza halafu chumba cha mbele ni kifupi na cha ovyo, umeuona mkono mzito wa aliyepokea zaka bila kutoa. Wajibu huo haujafa. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya nchi iliamua kwamba wenye shamba moja huko Aston Cantlow, Warwickshire, wanapaswa kulipia matengenezo ya chumba cha madhabahu cha kanisa la kijiji, kwa sababu tu ardhi yao ilibeba wajibu huo tangu kale.

Wakati mwingine chumba cha madhabahu kimepinda kidogo kisilingane na ukumbi. Utaambiwa ni ishara ya kichwa cha Yesu kilichoinama msalabani. Hadithi inagusa moyo, ila chanzo ni kwamba sehemu mbili zilijengwa nyakati tofauti na mafundi waliopima kwa kamba. Vivyo hivyo kidirisha kilicho chini ukutani, kinachoitwa cha wakoma: mwenye ukoma hakuruhusiwa kuja kuchungulia pale. Kinachoelekea kuwa kweli ni kwamba palipigwa kengele ndogo wakati wa misa, au palipitisha hewa. Na sanamu ya askari aliyelala akiwa amepishanisha miguu haimaanishi kwamba alipigana Vita vya Msalaba. Ulikuwa mtindo wa wachongaji.

Birika la ubatizo liko karibu na mlango. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wake wa juu, hasa pembeni pawili panapokabiliana. Mara nyingi utahisi kovu: tundu lililojazwa madini ya risasi, au kipande cha jiwe kilichopasuka na kubandikwa. Hapo palikuwa na pete za kufuli. Mwaka 1236 Askofu Mkuu wa Canterbury, Edmund Rich, aliamuru mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli, kwa kuwa watu walikuwa wakiiba maji yaliyobarikiwa kwa ajili ya uganga. Anayetafuta uchawi kwenye makanisa haya basi autafute hapo: kanisa likiwa ndilo linaloukimbiza.

Kuta nyeupe ni kazi ya karne ya 16. Kabla ya hapo zilijaa rangi, na juu ya tao palichorwa siku ya hukumu, waliookoka upande mmoja na waliolaaniwa upande wa pili, kwa watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Chini ya Mfalme Edward VI, kati ya 1547 na 1553, michoro ilipakwa chokaa, madhabahu za mawe zikaondolewa, sanamu zikavunjwa. Chokaa ile ile iliyokusudiwa kuifuta michoro imeihifadhi. Mafundi wanapoibandua kwa uangalifu, nyuso zinatokea. Ndiyo maana usiegemee ukuta wala usibandue rangi inayoning'inia.

Sakafuni utakutana na jambo linalowatatiza wageni wengi kutoka kwetu: mabamba ya mawe yenye majina, na watu wanayakanyaga. Hayo ni makaburi ya kweli. Matajiri na makasisi walizikwa ndani, chini ya sakafu, na walijua fika watu watapita juu yao. Mazishi ya ndani yalikoma kwa sehemu kubwa katikati ya karne ya 19 kwa sababu za afya. Hata hivyo mtu mmoja aliyetoka kwenye kanisa la namna hii alizikwa ndani baada ya hapo, na tunamjua. Edward Steere alikuwa kasisi wa kijiji cha Little Steeping, Lincolnshire, aliposafiri kuja Afrika mwaka 1863 pamoja na Askofu William Tozer, aliyekuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh jirani yake. Steere ndiye aliyeandika kitabu cha kujifunzia Kiswahili na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa lugha yetu. Alifariki mwaka 1882, na amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, Unguja.

Makaburini

Rudi nje. Kosa la kwanza ni kudhani mawe unayoyaona ni ya umri wa kanisa. Kanisa laweza kuwa la mwaka 1140, lakini ukipata jiwe la nje lenye tarehe kabla ya 1660, una bahati. Watu wa kawaida wa Karne za Kati hawakuwekewa jiwe. Pengine msalaba wa mbao uliooza kabla ya wajukuu kukua. Wengi hawakuwa na jeneza pia. Parokia ilikuwa na jeneza moja, kama jeneza la msikiti: linabeba maiti hadi kaburini, maiti anashushwa akiwa na sanda, jeneza linarudi. Na sanda yenyewe, kwa sheria za 1666 na 1678, ilipaswa kuwa ya sufu ya kondoo. Hilo halikuhusu dini. Serikali ililinda biashara ya sufu, na faini ya kuvunja sheria ilikuwa pauni 5. Ilifutwa mwaka 1814.

Makaburi yenye umbo la sanduku kubwa la mawe huwaogopesha watoto, hasa bamba likipasuka pakaonekana giza ndani. Sanduku ni tupu. Maiti yuko ardhini chini yake kama wengine.

Kaburi kamili la karne ya 18 lilikuwa na mawe mawili, kubwa kichwani na dogo miguuni. Mtu wa pwani atayaona ni kama mashahidi ya kaburi la Muislamu. Mengi ya miguuni yameng'olewa ili mashine za kukatia majani zipite, na utayakuta yameegemezwa ukutani yakiwa na herufi mbili tatu na mwaka. Jozi moja iliyosalia ni ya kijana Mwafrika. Henbury, iliyokuwa kijiji na sasa imemezwa na jiji la Bristol, ina kaburi la Scipio Africanus, mtumishi aliyekuwa mtumwa, aliyefariki mwaka 1720 akiwa na miaka 18. Jina hilo alipewa; la kwao halikuandikwa. Mawe yake, la kichwani na la miguuni, yamepakwa rangi, na malaika waliochongwa juu yake ni weusi. Mwaka 2020 yalivunjwa na wahuni. Mtu akikuambia makaburi haya hayatuhusu, mtajie hilo.

Sasa lile fuvu. Katika karne ya 17 na 18 fuvu, mifupa iliyopishana na saa ya mchanga vilichongwa kwa watu wa kila aina: wakulima, wauza nyama, wake wa makasisi. Maana yake ni ile tunayoisema kila tukitoka mazikoni, leo kwake, kesho kwetu. Maharamia waliichukua alama hiyo kwa sababu kila mtu alikwisha kuijua kuwa ni kifo. Polepole fuvu likaota mabawa, likageuka uso wa mtoto malaika. Baadaye ukaja mtungi uliofunikwa kitambaa, na karne ya 19 mikono miwili inayoagana. Ukizijua alama hizi unaweza kukisia umri wa jiwe hata tarehe ikiwa imefutika.

Tarehe zenyewe zina mtego. Utaona jiwe limeandikwa 1723/4 ukadhani fundi alikosea. Hadi 1752 mwaka wa kisheria Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, si Januari mosi. Mtu aliyekufa Februari alikuwa bado kwenye mwaka wa zamani kwa hesabu moja na kwenye mwaka mpya kwa nyingine, basi wakaandika yote mawili. Sisi tunaosema saa moja wakati saa ya ukutani inaonyesha saba tusishangae sana: ni suala la kuanzia kuhesabu wapi. Herufi s nayo mara nyingi imechongwa ndefu kama f. Na jina la mwanamke likifuatiwa na neno la kizamani lenye maana ya "aliyeachwa" na mumewe fulani, hakupewa talaka, ni mjane.

Kusoma jiwe lililofifia kunahitaji mwanga wa pembeni tu. Mawe mengi yanatazama mashariki au magharibi. Wakati wa kiangazi saa zikiwa zimesogezwa mbele, jua huwa kusini kabisa karibu saa saba mchana, na hapo ndipo mwanga unapolamba uso wa jiwe kwa upande na kila chale ikatoa kivuli. Jiwe linalotazama mashariki lisome muda mfupi kabla ya hapo, la magharibi muda mfupi baadaye. Mawingu yakitanda, weka tochi ya simu ukingoni mwa jiwe, sambamba na uso wake, na mwenzako apige picha kutoka mbele. Usitumie chaki, unga, povu la kunyolea wala brashi ya waya, hata kama umeona mtu anafanya hivyo mtandaoni. Mawe mengi ya mchanga yamejengeka kwa tabaka kama chapati; ukikwaruza, tabaka lenye jina lote laweza kutoka mkononi mwako.

Yale mabaka ya kijivu na ya manjano juu ya jiwe si uchafu. Ni likeni, viumbe hai vinavyokua pengine milimita moja kwa mwaka. Kati ya aina 2,000 hivi zilizoko Uingereza, zaidi ya 700 zimeonekana kwenye viwanja vya makanisa, na kuna mahali ambapo mawe ya makaburi ndiyo miamba pekee iliyobaki wazi kwa karne nyingi. Ziache.

Mawe yanainama kwa sababu hayana msingi: theluthi moja imefukiwa tu, na jeneza likioza udongo chini hushuka. Jiwe la mita moja kwa sentimita 60, lenye unene wa sentimita 10, lina uzito wa kilo 140 hivi. Watoto wamewahi kuangukiwa wakafa. Usiegemee, na usimketishe mtoto juu yake kwa ajili ya picha.

Mti mkubwa mweusi karibu na baraza, wenye majani kama sindano pana, Waingereza huuita yuu. Utaambiwa ulipandwa ili kutengeneza pinde za vita. Mbao nyingi nzuri za pinde ziliagizwa kutoka nje, hata sheria ya 1472 iliwalazimisha wafanyabiashara kuleta mbao nne kwa kila tani ya bidhaa zao. Umri wa miti hiyo nao husemwa kwa kujiamini kupita kiasi. Moyo wake huoza ukabaki wazi, kwa hiyo hakuna pete za kuhesabu katikati. Kilicho hakika ni kwamba majani na mbegu zake ni sumu kali, kwa ng'ombe na kwa mtoto anayevutwa na tunda lake jekundu.

Na ukiona jiwe jeupe lililonyooka, lenye kimo cha sentimita 81 na nembo ya kikosi juu, hilo ni la askari wa vita viwili vya dunia. Linatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hiyo hiyo inayotunza makaburi ya Taveta, Voi, Moshi na Dar es Salaam.

Jambo moja kabla ya kuondoka. Mbele ya mlango wa mbao, barazani, mara nyingi kuna mlango mwepesi wa wavu. Watu huupuuza wakauacha wazi. Kuanzia Aprili mbayuwayu huingia barazani kutafuta pa kujenga kiota, ndege wa aina ile ile tunaowaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme kwetu kuanzia Oktoba hadi Machi. Akipita hadi ndani hawezi kuiona njia ya kutoka. Hujipiga kwenye vioo vya madirisha ya juu hadi anachoka, na huokotwa Jumapili sakafuni. Uvute wavu huo hadi usikie komeo limegonga.